Kampuni imegoma kuhuisha bima ya nyumba California: FAIR Plan inatosha?

Mwenye_Paa:
Wakuu, nyumba iko vilimani California, eneo la moto wa msituni. Kampuni ya bima imeleta notisi kwamba mkataba ukiisha haihuishi. Nasikia kuna bima ya serikali inaitwa FAIR Plan, kimbilio la waliokataliwa kwingine. Nikiichukua, benki yenye rehani itaridhika na mambo yameisha? Nianzie wapi?

Kigae:
Mkuu, kwanza tuweke sawa: FAIR Plan si mali ya serikali. Sheria ya jimbo iliianzisha 1968, lakini wenyewe ni kampuni zote za bima ya mali zenye leseni huko, zinagawana faida na hasara. Pesa ya kodi haimo. Baada ya mioto ya Palisades na Eaton, eneo la Los Angeles, ya Januari 2025 mfuko ulipelea, kampuni wanachama zikatozwa dola bilioni 1, na kanuni zinaziruhusu kuomba kurudisha nusu yake kutoka kwa wateja wao. Hata asiye na FAIR Plan anaweza kuikuta tozo hiyo kwenye bili yake.

Sasa hatua. Angalia tarehe ya notisi: lazima itolewe angalau siku 75 kabla mkataba haujaisha. Halafu ingia tovuti ya Idara ya Bima ya jimbo, weka msimbo wako wa posta. Gavana akishatangaza hali ya dharura kwa ajili ya moto, kampuni hairuhusiwi kugoma kuhuisha bima ya nyumba za makazi zilizo ndani au jirani na eneo lililoungua, kwa mwaka mmodi tangu tangazo. Wengi hukimbilia FAIR Plan kumbe notisi yenyewe haikuwa na nguvu. Ukikuta huna kinga hiyo, mwambie wakala atafute kampuni nyingine kwanza.

Fundi_Madai:
Kuhusu "mambo yameisha": hapana. Mkataba wa msingi wa FAIR Plan unabeba moto, radi, mlipuko wa ndani na moshi. Basi. Bomba likipasuka ukutani, mwizi akiingia, mgeni akiteleza kwenye ngazi akakushtaki, hayo yote ni juu yako. Ndiyo maana watu hununua bima ya pili ya kujazia, wakala ataijua kwa kifupi chake, DIC. Hakikisha inaanza siku ileile, jina na anwani vinalingana herufi kwa herufi, na ina kipengele cha dhima kwa watu wengine, maana si zote zinacho. Upepo na mvua ya mawe vinaweza kuongezwa FAIR Plan, ila soma ile ya kujazia kabla hujaongeza, usije ukalipia kitu kimoja mara mbili. Mafuriko na tetemeko ni mikataba mingine kabisa.

Benki nayo ipelekee nakala mapema. Isipoona bima itakukatia ya kwake, ghali, na inayolinda deni lao, si vyombo vyako.

Kigae:
Hapo kwenye thamani ndipo watu huumia. Usipoomba nyongeza ya gharama ya kujenga upya, unalipwa thamani baada ya kutoa uchakavu. Chukua paa la dola 40,000, nusu vifaa nusu ufundi, umri miaka 15 kati ya 20. California ufundi haukatwi uchakavu, kwa hiyo wanakata robo tatu ya vifaa tu, dola 15,000. Unabaki na 25,000, kisha wanatoa kile kiasi unachobeba mwenyewe. Zinazopungua unazitoa mfukoni.

Na kiwango cha bima kipige kwa gharama ya kujenga, si bei ya sokoni, kiwanja hakiungui. Kikomo kwa nyumba ya makazi ni dola milioni 3.

Mwenye_Paa:
Asanteni sana. Kuna namna ya kushusha ada?

Fundi_Madai:
Ipo, kuna punguzo kwa nyumba iliyokingwa dhidi ya cheche. Anza na futi 5 zinazozunguka ukuta: ondoa matandazo ya magome, vichaka, kuni, na kipande cha uzio wa mbao kinachogusa nyumba. Uzio huo hubeba moto kama utambi hadi ukutani. Matundu ya hewa yawekwe wavu wenye vitundu vya inchi 1/8 au vidogo zaidi, wa chuma, maana wa plastiki huyeyuka na cheche zikaingia darini. Inchi 6 za chini za ukuta wa nje ziwe za kitu kisichoungua. Piga picha kabla na baada, zenye tarehe, uambatanishe na ombi.

Moshi pia usiupuuze. FAIR Plan ilikuwa ikidai uharibifu wa kudumu unaoonekana ndipo ilipe. Juni 2025 mahakama ya Los Angeles ikasema sharti hilo linakiuka sheria. Ukiambiwa "masizi yafute tu", omba jibu kwa maandishi, likitaja kifungu cha mkataba.