Coco Beach au Kigamboni: utulivu ule ni wa nani?

Mleta mada:
Wakuu, habari za Jumamosi. Nyumbani kwetu tumebishana wiki nzima, naomba tuendelee hapa. Mwezi ujao hapa Dar tunapokea wageni kumi kutoka Tabora, wazima wanne na watoto sita, na hao watoto hawajawahi kuiona bahari. Mama watoto anataka tuwapeleke Kigamboni, ng'ambo ya maji, kwenye mchanga mweupe na kimya. Mimi nasema Coco Beach ya Oysterbay, pamoja na makelele yake yote.

Mwanzoni niliona ni suala la starehe tu. Nilipopiga hesabu likawa suala jingine. Pantoni ni shilingi 200 kwa kichwa, hiyo haiumi. Baada ya Feri zinatakiwa bajaji za kutosha hadi Mjimwema. Halafu kuna geti. Kiingilio cha kila mtu, na sehemu nyingi mlinzi anapekua vikapu kwa sababu chakula cha nje hakiruhusiwi. Kwa hiyo watu kumi na wenyeji wao watakula kwa bei ya pale ndani, maji ya kunywa nayo kwa bei ya pale ndani. Coco tunashuka na sufuria ya pilau, tunatandika mkeka, tunaongezea mihogo ya kukaanga yenye pilipili na madafu, na hakuna wa kutuuliza tumeingiaje.

Ndiyo maana nasema utulivu wa Kigamboni umejengwa kwa ukuta. Pale ni kimya kwa sababu wengi wetu tumeachwa nje. Jiji likiendelea hivi, watoto wa Mbagala na Manzese watakua wakiisikia bahari kwenye redio. Naomba michango.

Mama wa Mbezi Beach:
Kaka, nimekusoma vizuri, lakini Coco unayoieleza ni ya Jumanne asubuhi. Mimi niliwapeleka wanangu sikukuu ya Idd. Spika tano zinashindana, huwezi kusikia mtoto akikuita. Wa mwisho, ana miaka mitano, alipotea. Tulimtafuta dakika arobaini tukikimbia huku na huku, tukaja kumkuta kwa muuza maboya akilia. Mpaka leo nikiona umati ule tumbo linanikata.

Na maji yenyewe. Pale chini kuna mawe, ile miamba ya matumbawe ya zamani. Maji yakipwa yanaacha mawe tupu, yakijaa yanayaficha. Mtoto wa bara hajui hilo. Ukichanganya na pepo za kusi, kuanzia Mei hivi mpaka Septemba, mawimbi yanapiga kwa nguvu. Kiingilio ninakilipa, tena kwa moyo mmoja, kwa sababu ninamwona mwanangu alipo.

Mchangiaji wa Temeke:
Naunga mkono kiingilio. Ufukwe usio na mwenyewe unajaa chupa za plastiki na vifuu. Kusafisha ni mishahara ya watu.

Mkazi wa Mjimwema:
Nawasalimu wote. Mnaizungumza Kigamboni kama vile kabla ya mageti hapakuwa na watu. Nimezaliwa hapa. Babu yangu alikuwa mvuvi, baba mvuvi, na mimi nina ngalawa yangu. Tulikuwa sehemu ya Temeke, ng'ambo ya maji, mtu wa mjini akija kwetu amekuja kwa shughuli. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa Aprili 2016, mita 680 tu kutoka Kurasini, bei ya viwanja ikaruka na kuta zikaanza kuufuata ufukwe.

Tangu shamba la minazi la babu hadi majini palikuwa na njia ya miguu. Nimeipita nikiwa mtoto nimebeba makasia. Leo katikati yake umesimama ukuta. Sikuombwa ruhusa wala sikuelezwa kitu. Nikitaka kufika majini ninazunguka mpaka dikoni. Diko ndiyo mlango uliobaki, na umebaki kwa sababu mitumbwi lazima ipaki na samaki lazima wapigwe mnada. Siku wavuvi wakihamishwa, na mlango huo umekwisha.

Mama wa Mbezi Beach, uchungu wa mtoto naujua, pole sana dada yangu. Lakini kimya unachokilipia getini tulikuwa tunakaa nacho bure, na wageni tulikuwa tunawakaribisha.

Mama wa Mbezi Beach:
Ahsante kaka yangu. Hilo la njia sikulijua. Bado nataka usalama wa watoto, sitarudi nyuma hapo.

Mleta mada:
Na usirudi nyuma, dada. Umenigusa, na kuhusu sikukuu nakiri una haki: siku ile hata mimi sipeleki mtoto Coco. Ila tazama tatizo lenyewe. Spika, umati, mtoto kupotea: hayo yanatokana na watu wa jiji zima kusukumwa kwenye kipande kimoja kisicho na geti. Kungekuwa na fukwe za wazi kumi, kuanzia Kunduchi hadi Kimbiji, Idd isingetukusanya wote Oysterbay.

Ndugu wa Temeke, hoja ya usafi nimeielewa na sina ugomvi na mtu kulipia kiti, mwavuli au choo. Nagombana na kulipia njia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mita sitini, wakuu! Hesabuni hatua kutoka maji yanapofika yakijaa, mwone kuta ngapi mtazikuta kabla hamjamaliza kuhesabu.

Sheria hiyo ina maana yake pia. Mchanga wa pwani hautulii. Mito na vijito huuleta kutoka bara, mawimbi yanausogeza. Kule Kunduchi mchanga ulichotwa mitoni kwa ajili ya ujenzi, ufukwe ukakosa cha kujazia, bahari ikala. Kituo cha daladala cha Afrikana kimebaki na jina la hoteli ambayo ufukwe wake uliliwa. Hata huko Kigamboni, kwenye Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, serikali imelazimika kujenga ukuta wa kuzuia bahari. Anayejenga karibu na maji anajitafutia hasara, na anatufungia njia sisi wengine.

Ninachotaka ni hiki: manispaa ya Kigamboni iweke njia za umma kwenye ramani sasa, kabla kila kiwanja hakijapata hati. Baada ya kila umbali fulani iwepo njia ya kupitisha watu wawili na mtumbwi, yenye kibao, na choo cha kulipia mwisho wake. Hapo mwenye hoteli atabaki na hoteli yake na mtoto wa Mbagala atapata bahari yake. Coco ilishawahi kugombewa na bado ni ya wananchi. Sioni kwa nini ng'ambo tusubiri mpaka pabaki ugomvi tu.

Kwa wageni wangu bado nachagua Coco, lakini nimebadili siku. Nitawapeleka siku ya kazi, asubuhi.

Mkazi wa Mjimwema:
Mleta mada, angalia na mwezi. Ukienda bamvua, mwezi mchanga au mpevu, saa nne asubuhi maji yameshakimbia, watoto wataona mawe na matope. Yatarudi kujaa saa kumi jioni. Chagua mwezi ukiwa na siku saba au nane. Hapo ni maji mafu, asubuhi yamejaa na hayavuti kwa nguvu.

Na siku ya pili waleteni kwetu. Mkishuka kwenye pantoni ulizeni dikoni, mtu yeyote atawaonyesha. Njooni na sufuria yenu ya pilau, samaki mtanunua mnadani wakiwa bado wanaruka. Dada wa Mbezi Beach naye akaribie na wanawe, asubuhi pale hakuna spika. Waambieni watoto jambo moja tu: wasikanyage nyavu zilizoanikwa.