Tupeane uzoefu: hesabu ya dozi ilikuwa sahihi, bomba la sindano ndilo lililokosewa

Mwanzisha mada (muuguzi, wodi ya watoto wachanga)

Wauguzi na wakunga wenzangu, naomba tusimuliane juu ya jambo ambalo chuoni tulilipita mbiombio. Kanuni ya hesabu tunaijua sote, kwa kuwa tuliimbishwa mpaka ikakaa: dozi inayotakiwa, gawanya kwa kiasi cha dawa kilichomo, zidisha kwa ujazo wake. Swali ambalo mimi sikuwahi kuulizwa darasani ni hili: jibu ulilopata utalipima kwa bomba lipi, na mstari mmoja wa bomba hilo una thamani ya miligramu ngapi?

Naanza na yangu. Nilikuwa na miezi michache kazini, zamu ya usiku, na kichanga cha kilo 2.8 kilikuwa kimeandikiwa jentamaisini, dawa ya bakteria ambayo ikizidi hudhuru figo na masikio, miligramu 5 kwa kila kilo, mara moja kwa siku, kwenye msuli. Nikapata miligramu 14. Ampuli zilizokuwapo zilikuwa za watu wazima, miligramu 80 ndani ya mililita 2, yaani 40 kwa kila mililita, kwa hiyo 14 gawanya kwa 40 ikanipa mililita 0.35. Nikaandika jibu, nikalipigia mstari chini kama mtu aliyemaliza mtihani.

Kwenye trei kulikuwa na mabomba ya mililita 5 na ya mililita 2 tu. Lile la 5 lilikuwa na mistari ya 0.2, maana yake kila mstari ulibeba miligramu 8, zaidi ya nusu ya dozi nzima ya mtoto yule. Lile la 2 lilikuwa na mistari ya 0.1, na 0.35 yangu ikawa inaelea kati ya mstari wa miligramu 12 na wa miligramu 16. Nilikwisha kulivuta nikikisia katikati, bomba nimelielekeza kwenye taa, ndipo sista wa zamu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, akanishika mkono. "Mwanangu, hapo unapokisia pana figo na masikio ya mtu." Akanituma wodi ya jirani nikaombe bomba la mililita 1, lenye mistari ya 0.01, na hapo 0.35 ikawa na mstari wake wenyewe.

Karibuni. Tafadhali andikeni na namba zenyewe, kwa sababu ndizo zinazofundisha.

Muuguzi, hospitali ya wilaya

Ndugu mwanzisha mada, nakubaliana nawe kwa sehemu. Sisi bomba la mililita 1 likikosekana tunazimua: mililita 2 za ampuli hiyo tunaziongezea mililita 6 za maji ya sindano, tunapata mililita 8 zenye miligramu 10 kwa kila mililita. Miligramu zako 14 zingekuwa mililita 1.4, na bomba la mililita 2 lingezipima bila kukisia. Kwa nini hamkufanya hivyo?

Mwanzisha mada

Kwa sababu dawa iliandikwa ya kwenye msuli, kaka. Mililita 1.4 katika paja la mtoto wa kilo 2.8 ni nyingi mno kwa sehemu moja. Ingekuwa ya kwenye mshipa, njia yako ndiyo ningeifuata, kwa sharti kwamba uzimuaji ufanyike kwa ampuli nzima kama ulivyoeleza. Niliwahi kumwona mwenzangu akivuta dozi ndogo kwanza, kisha akavuta maji kwa bomba lile lile. Tone la dawa lililobaki kwenye shingo ya bomba na ndani ya sindano, ambalo halihesabiwi na mstari wowote, nalo huingia pamoja na maji hayo. Kwa mtu mzima huenda lisionekane, lakini kwa mtoto anayepewa mililita 0.1, tone hilo linaweza kuwa sehemu kubwa ya dozi.

Mkunga, kituo cha afya

Mimi yangu ni ya kifafa cha mimba. Mama aliletwa kwa bajaji usiku, amekwisha kudegedega mara mbili. Dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti kwenye mshipa ni gramu 4, na ampuli zetu ni za asilimia 50, ambapo kila mililita 2 zina gramu 1. Kwa hiyo unachukua mililita 8 za dawa, unaongeza mililita 12 za maji ya sindano, unapata mililita 20 za asilimia 20, kisha unasukuma polepole kwa muda usiopungua dakika 5. Usiku huo bomba la mililita 20 halikuwapo. Tukachukua mabomba mawili ya mililita 10, kila moja tukaliwekea mililita 4 za dawa na 6 za maji, gramu 2 huku na gramu 2 kule.

Hapo tulijipongeza mapema. Baada ya mshipa inafuata gramu 10 kwenye msuli, gramu 5 kila tako. Gramu 5 ni mililita 10 kamili, na juu yake unatakiwa uongeze mililita 1 ya lignokaini ya asilimia 2 ili kupunguza maumivu. Mililita 11 katika bomba la 10 ni kulazimisha, maana fimbo ya kusukumia inakaribia kuchomoka. Mwenzangu akaamua kuiacha lignokaini. Yule mama, ambaye hakuwa ameitika jina lake tangu afike, aliitikia kwa ukelele uliosikika hadi geti la kituo. Alipona, na mtoto wake pia, lakini tangu hapo mimi mwenyewe nakagua kila Jumatatu kama boksi la dharura lina mabomba mawili ya mililita 20, pamoja na kalsiamu glukoneti, ambayo ndiyo kinza-sumu yake iwapo goti likigongwa litakataa kuruka au pumzi zitashuka chini ya 16 kwa dakika.

Muuguzi, wodi ya watoto

Sisi tulinusurika na atesuneti, sindano ya malaria kali. Kichupa cha miligramu 60 huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya bikaboneti yake. Ukiongeza mililita 5 za salaini, ni ya mshipa, miligramu 10 kwa mililita. Ukiongeza mililita 2, ni ya msuli, miligramu 20 kwa mililita. Mtoto alikuwa na kilo 12, na kwa kuwa walio chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kilo, si 2.4, alistahili miligramu 36. Mwenzangu alichanganya ya mshipa, akaitwa kitanda kingine. Mimi nikakikuta kichupa, nikadhani ni ya msuli, nikapiga hesabu safi kabisa: 36 gawanya kwa 20, mililita 1.8. Nikachoma.

Nilipokiinua kichupa ili nikitupe nikaona kimejaa isivyo kawaida. Kama kingekuwa cha msuli, mililita 3 toa 1.8, kingebaki na 1.2 tu. Kumbe kilibaki na 4.2. Mtoto alikuwa amepata miligramu 18, nusu ya haki yake. Tulimwita daktari, tukamweleza bila kuficha, na 1.8 nyingine ikatolewa kabla dakika ishirini hazijapita. Siku hizi anayechanganya anaandika kwenye plasta miligramu kwa mililita na saa, na anayechoma ni yule yule aliyechanganya.

Mwanafunzi, mwaka wa pili

Yangu ni fupi na ya aibu. Nikiwa kliniki ya chanjo nilivuta hewa kwenye bomba linalojifunga lenyewe, kama nilivyozoea na mabomba mengine, na lilipogoma nikadhani ni bovu. Niliharibu manne kabla sista hajanieleza kwamba hilo huvutwa mara moja tu.

Muuguzi, kliniki ya kisukari

Angalieni rangi ya kifuniko. Mzee mmoja alitoka matibabuni India akiwa na mabomba ya insulini yenye kifuniko chekundu, akaendelea kuyatumia kwa insulini yetu ya yuniti 100 kwa mililita. Mabomba hayo yamepimwa kwa insulini ya yuniti 40 kwa mililita. Mzee alivuta hadi mstari wa 10 kama alivyoelekezwa, lakini mstari huo ni mililita 0.25, kwa hiyo alikuwa akijichoma yuniti 25. Wiki nzima familia ilimletea soda alfajiri, akitetemeka na kutokwa jasho kwa sukari kushuka, wakidhani ni ugonjwa wake tu. Tulimpa ya kifuniko cha rangi ya chungwa, na yale mekundu tukamwomba atuachie.

Muuguzi mstaafu

Wanangu, nami niongeze la unga. Kwa miaka mingi X-pen, yaani penisilini ya unga, ya yuniti milioni 5 tuliiwekea mililita 10 za maji, tukaamini kila mililita ina yuniti 500,000. Siku moja nilivuta chote kwenye bomba la mililita 20 kwa sababu tu ndilo lililokuwa karibu, nikaona dawa imefika mstari wa 12. Unga nao unachukua nafasi yake, mililita 2 nzima. Watoto wote wale walikuwa wakipata takriban 417,000 kwa kila mililita. Maji yanayotakiwa ni 8.

Mwanzisha mada

Shikamoo mama. Nimesoma ujumbe wako nikiwa zamu, nikanyanyuka kwenda kutazama karatasi iliyobandikwa juu ya meza yetu ya dawa. X-pen ya milioni 5 imeandikiwa maji mililita 10, na seftriaksoni, dawa nyingine ya unga ya bakteria, ya gramu 1, ambayo inatakiwa 9.6 ili ifike 10, nayo imeandikiwa 10. Nimeibandua. Naandika nyingine kabla wa asubuhi hawajaingia.