Kampuni ya Bima Imelipangia Gari Langu Bei Tatu, na Zote Tatu Zinaniumiza Mimi

Ndugu wanajukwaa, naleta malalamiko haya nikiwa na hasira ambayo sioni sababu ya kuificha. Matatu iligonga gari langu kwa nyuma karibu na Free Area hapa Nakuru, kwenye barabara kuu ya kwenda Nairobi, wakati foleni iliyokuwa mbele yangu imesimama kabisa. Hakuna aliyeumia. Dereva alikiri papo hapo, abiria wake wakisikia, kwamba macho yake yalikuwa kwa mteja aliyesimama kando ya barabara, na abstrakti ya polisi, yaani karatasi yao ya taarifa ya ajali, inamtaja yeye kuwa mwenye kosa. Kwa hiyo hatubishani kuhusu nani alimgonga nani. Tunabishana kuhusu thamani ya gari langu, na humo ndimo mwenye gari kuukuu anamoporwa haki yake kwa hesabu zilizopigwa chapa kwenye karatasi yenye nembo.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya mwaka 1998, nyeupe, ambayo hubeba maziwa kutoka Njoro hadi mjini kila asubuhi. Mlango wa buti ulikunjika, taa zote mbili za nyuma zikavunjika, bampa ikapasuka, paneli iliyo chini ya buti ikaingia ndani, na bomba la ekzosi likakatika kwenye kiungo. Injini haikuguswa, wala magurudumu hayakupinda. Milango minne inafunga kama ilivyokuwa ikifunga. Fundi alinyanyua zulia la buti, akakagua sakafu na shimo la gurudumu la akiba, akapima reli za chesisi pande zote mbili, akaniambia kwamba mgongano uliishia kwenye paneli.

Sasa sikilizeni hesabu ya kampuni inayoikatia bima matatu hiyo. Mkadiriaji wao aliandika kwamba kulitengeneza gari langu kutagharimu shilingi 165,000, kwa sababu aliweka bei ya mlango mpya wa buti, taa mpya, bampa mpya na paneli mpya, vyote kutoka kwa muuzaji mkubwa wa vipuri, pamoja na saa za kazi za gereji ya kifahari. Kisha akaandika kwamba gari zima, kabla ya ajali, lilikuwa na thamani ya shilingi 110,000. Kwa kuwa matengenezo yanazidi thamani, gari likatangazwa kuwa halifai kutengenezwa. Hatua ya tatu ndiyo iliyonichoma zaidi: mabaki ya gari hilohilo, lililogongwa, wameyapa thamani ya shilingi 75,000, wakayatoa kwenye 110,000 kwa kuwa yanabaki kwangu, na wananipa shilingi 35,000 pamoja na hati ya kukamilisha madai ili nitie sahihi kwamba sitadai tena chochote.

Angalieni mambo hayo yanavyopangwa. Wanapohesabu matengenezo, gari langu ni la kifahari linalostahili vipuri vipya vya bei ya juu. Wanapohesabu thamani yake, ni chakavu. Wanapohesabu mabaki, chakavu hicho kinageuka mali tena, kiasi kwamba ajali inaonekana kulipunguzia gari thamani kidogo mno. Mkadiriaji ni mmoja, gari ni moja, ripoti ni moja, na kila mara bei inapobadilika inabadilika kwa faida ya anayelipa. Kama kweli mabaki yana thamani ya 75,000, basi gari zima lenye kutembea lina thamani kubwa zaidi ya 110,000. Nimeuliza kwa wauza magari hapa Nakuru, na hakuna aliyenitajia Corolla ya umri huo, yenye karatasi zake zote, kwa chini ya shilingi 230,000.

Wakati huohuo, mafundi wa jua kali katika eneo la viwanda wamenipa hesabu ya kweli. Mlango wa buti wa mtumba kutoka Japani ni shilingi 9,000, taa mbili ni 7,000, bampa ni 5,000. Kuchomelea ekzosi ni 3,500. Kuvuta paneli kwa jeki ya haidroliki, kuinyoosha na kukifunga kila kitu mahali pake ni 14,000, na rangi ni 18,000. Jumla ni shilingi 56,500. Hizi si bei za kuficha kasoro kwa fila nene, ule uji mzito wa kuziba mabonde ya bati. Nilikataa waziwazi fundi mmoja aliyetaka kujaza bonde la paneli kwa fila bila kulivuta kwanza, kwa sababu fila ya namna hiyo hupasuka barabara ya Njoro ikilitikisa gari miezi michache tu, kisha maji huingia chini yake na kutu hula bati kimyakimya. Vilevile nilikataa rangi ya bei rahisi ambayo jua huifanya kuwa ya njano. Msimbo wa rangi ya gari umeandikwa kwenye kibati kilicho ndani ya boneti, na langu ni 040, nyeupe ambayo duka lolote la rangi hapa mjini huchanganya. Kwa hiyo ninachodai ni kazi nzuri, kwa vipuri vya umri unaolingana na wa gari langu, kwa theluthi moja hivi ya kiasi ambacho mkadiriaji anasema hakiwezekani.

Nikamwandikia meneja wa madai nikimwomba jambo dogo: alipe 56,500 moja kwa moja kwa gereji, kwa risiti, na mimi nitatia sahihi siku hiyohiyo. Jibu lilikuwa kwamba kampuni haitambui vipuri vya mtumba. Haivitambui inapotakiwa kulipa, ilhali matatu yenyewe iliyonigonga imefungwa vipuri vya mtumba, na kampuni hiyo inapokea malipo ya bima yake bila kuuliza.

Wengi hapa wanaamini, kama nilivyoamini mimi, kwamba sheria inamlazimisha mwenye matatu kuwa na bima inayolinda kila kitu. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, inalazimisha bima dhidi ya kifo na majeraha ya mwili. Bati langu halimo katika sharti hilo. Hasara ya mali hulipwa kwa sababu mkataba wa bima umeitaja, na kwa kiasi ambacho mkataba umeruhusu. Ndiyo maana madai ya mali huchukuliwa kama hisani, na mtu wa kawaida akitajiwa 35,000 hudhani kwamba amesaidiwa.

Kuhusu polisi nitasema machache. Ubao wa huduma kwenye ukuta wa kituo unasema abstrakti ni bure, na bado nilizungushwa hadi nikaombwa kitu kidogo. Sikutoa. Kuhusu chama cha matatu, wao walikuwa wapole sana katika simu ya kwanza na hawakupokea nyingine yoyote.

Najua kuna watakaoniambia kwamba ningekata bima kamili, ile inayolipia hata gari la mwenye bima. Jaribuni kuikata kwa gari la mwaka 1998 muone mtakavyojibiwa: kampuni nyingi hukataa gari likishavuka umri fulani, na umri huo ni mdogo kuliko wa gari langu. Wengine watasema ninunue gari jipya. Mwenye kunishauri hivyo anieleze kwanza kwa nini mtu aliyesimama kwenye foleni, ambaye hakumkosea yeyote, atafute shilingi laki tano ili kampuni ya bima iokoe shilingi 21,500. Tofauti kati ya wanachonipa na ninachohitaji ni hiyo tu. Na kila asubuhi gari linapokaa, nakodi Probox ya mtu kubebea maziwa, gharama ambayo mkadiriaji hakuitaja hata kwa mstari mmoja.

Sitatia sahihi hati yao. Nimemlipa mkadiriaji wa kujitegemea, ambaye ripoti yake inalitaja gari kuwa linatengenezeka, na inaorodhesha vipuri vya mtumba kwa bei za Nakuru. Ninatunza kila risiti, ya Probox ikiwamo, kwa sababu mahakama zetu hudai hasara ya namna hii itajwe kwa kiasi kamili na ithibitishwe kwa karatasi. Yeyote anayetengeneza gari lake kwa mafundi wa jua kali asikubali kuondoka bila risiti yenye jina la fundi, nambari ya gari na orodha ya vipuri, hata kama fundi analalamika.

Sheria hainiruhusu kuanza na kampuni ya bima. Ninayemshtaki ni dereva na mwenye matatu, na kampuni italazimika kumtetea mteja wake. Nimeshawapelekea wote notisi. Jibu likiwa lilelile, nitafungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo hapa Nakuru, ambayo husikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, inamruhusu mtu kujisemea bila wakili, na inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60. Nakala ya malalamiko nimeituma pia kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, nikiambatisha ripoti yenye bei zote tatu.

Ninachoomba kwenu ni ushahidi. Kama kampuni ya bima imewahi kukuambia kwamba gari lako kuukuu halitengenezeki, kisha ukalitengeneza na bado linatembea, weka hapa mwaka wa gari, thamani waliyoliandikia, bei waliyoyapa mabaki na kiasi ulichomlipa fundi. Ficha nambari ya gari na jina lako. Anayefahamu kesi ambayo hakimu alikubali bei za vipuri vya mtumba anitajie mahakama na mwaka, ili niiombe nakala yake kabla ya kuwasilisha madai yangu.