Naombeni ushauri: UTT, mifuko hii mipya au kuna njia ya haraka?

Mwaloni Boy: Wakuu habari za humu. Niko Mwanza, nina kama milioni 14 imekaa benki inaliwa na makato. Zamani ukisema mfuko wa uwekezaji ni ile ya UTT AMIS, yaani Umoja au Ukwasi basi, sasa hivi iTrust wana yao, Zan Securities wana Timiza, Watumishi Housing nao wana Faida Fund, mpaka nachanganyikiwa. Nichague upi? Nataka faida nzuri ila isikae sana. Niko siriasi, msinitukane.

Kabwela wa Igoma: UTT. Uzi ufungwe.

Sangara Mkavu: Mkuu achana na vipande vya mifuko, nunua mabondo, vile vibofu vya sangara. Mimi mwaka juzi nilikusanya visiwani huko, bei iko juu, nikakopa na kwa wifi, mara mnunuzi hapokei simu. Nikaanika mabondo juu ya bati la mwenye nyumba mpaka akanipa notisi. Ila bei itarudi tu.

Hesabu Kwanza: "Isikae sana" ndo muda gani? Ukwasi ukiomba hela yako inatoka ndani ya siku tatu za kazi. Na usije ukasema ununue mwenyewe hatifungani, yaani kuikopesha serikali kupitia Benki Kuu (BoT): ile ya miaka 25 siyo ya mtu mwenye haraka, ukitaka kutoka katikati unaiuza sokoni kwa bei utakayoikuta. Na riba zinabadilika, hiyo ya miaka 25 ilitoka 15.95% ikashushwa 12.56% mwaka 2022, na meneja wa mfuko hela mpya anazinunulia hatifungani kwa riba ya siku hiyo, kwahiyo faida ya mwaka jana usiifanye ahadi. Hela ni ya nini?

Mwaloni Boy: Ya matumizi tu mkuu, itahitajika Desemba. Hivi hawa hawafiki 8% kwa mwezi?

Hesabu Kwanza: Kwa MWEZI? Hiyo namba umeitoa wapi?

Mwaloni Boy: Kuna shemeji yangu Buhongwa anasimamia mitaji ya watu, anatumia roboti ya akili bandia. Nimempa milioni 4 tu ya kujaribia, na kwenye app inasoma 4.6 tayari. Siyo kwamba nimekurupuka, nilifanya utafiti.

Bibi Nansio: Mwanangu, Desemba ndo vikoba vinavunjwa. Hiyo hela ni yako?

Mwaloni Boy: Shikamoo bibi. Mimi ni mweka hazina. Ni ya kikoba cha kina mama wa dagaa hapa soko la Mwaloni. Ila katiba yetu inasema mweka hazina atatunza fedha, haijasema azitunzie wapi, na faida ningewagawia wote.

Mtumishi: Tamaa ndugu. Jasho la wajane hilo.

Kabwela wa Igoma: Wale mama wanatwishana magunia ya dagaa wenyewe. Wewe watakubeba mkononi kama pochi.

Jicho Kavu: Mnakunywa chai hii, stori ya kutunga. Kikoba cha wamama mweka hazina mwanaume? Na huyu huyu juzi juzi alikuwa humu anaomba laki mbili ya genge. Ni tangazo, subirini namba ya WhatsApp ya shemeji.

Sangara Mkavu: Nami nilihisi. Leta sukari.

Mwaloni Boy: Mwenyekiti ni mama yangu mzazi ndo maana. Genge ni la mke wangu. Namba sitoi, mkiiomba PM pia sitoi.

Hesabu Kwanza: Chai au siyo chai, jibu hili. Mfuko wenye leseni ya CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji, mali zake zinakaa benki mtunzaji, meneja hatembei nazo mfukoni, na thamani ya kipande inatangazwa, unaiona ikipanda na ikishuka. Ya shemeji iko benki gani? App kusoma 4.6 siyo hela. Toa laki moja sasa hivi tuone.

Mwaloni Boy: Nimejaribu. Anasema nilipe kwanza kodi 10% ya faida, halafu mfumo utafunguka Jumatatu.

Jicho Kavu: Jumatatu ya mwaka gani?

Bibi Nansio: Usilipe hata shilingi. Mpigie mama yako leo, kabla hajasikia sokoni.

Mwaloni Boy: Mama yuko msibani bibi, sitaki kumsumbua. Nimeuliza tu hii 10 iliyobaki, Ukwasi au Faida Fund?