MREJESHO: Nina baipola, je, mimi ni nani nikiutoa ugonjwa?

Wakuu, mwezi wa tatu niliwauliza nitajuaje kipi ni mimi na kipi ni baipola, yaani huu ugonjwa wa akili unaofanya hisia zipande sana na kushuka sana. Asanteni sana mlionijibu. Dada mmoja alinishauri niandike kila siku nimelala masaa mangapi. Nimeandika kwenye daftari la vipimo vya nguo za wateja. Kumbe ucheshi wangu upo hata nikiwa nimetulia. Kinachokuja na ugonjwa ni kulala masaa mawili tu na kununua majora ya kitenge ambayo hakuna aliyeagiza. Lithiamu, dawa yangu ya baipola, naendelea nayo, na damu napima: kiwango cha dawa, figo, tezi ya shingo.

Jana mama alinitambulisha kwa mgeni: "Huyu mwanangu, fundi cherehani." Zamani angesema, "Ndiye yule mgonjwa." Niliingia chumbani nikalia kwa furaha.