Kuhamisha tyubu kutoka monita ya 15 kHz kwenda ya 25 kHz: na yoki yake au kioo kitupu?

Solda_Moto
Wakuu habari zenu. Nina monita mbili za mashine za gemu, zote inchi 19. Ya kwanza ni 25 kHz (inachora mistari kama 25,000 kwa sekunde), ilikuwa kwenye Paperboy ya Atari (1985), bodi iko freshi ila kioo (tyubu ya picha) kimeungua, maandishi ya gemu unayaona hata ukizima umeme na nyekundu imechoka kabisa. Ya pili ni 15 kHz ya kawaida, kioo kinang'aa ila bodi ililowa na imeoza. Nataka kioo cha pili kiende kwenye bodi ya kwanza. Sasa nikihamishe pamoja na yoki yake (koili za shingoni zinazopinda mwale) kilivyo, au nikivue nikivalishe yoki ya zamani? Au nitafute tu TV ya chogo ninyofoe kioo chake?

FundiChogo
Mkuu kioo chenyewe hakina habari na kHz, ndani mna mitutu ya elektroni, wavu (bamba la matundu) na fosfori (unga unaowaka rangi) basi. Mwenye kesi ni yoki. Kwenye 15 kHz mstari mmoja unachukua kama maikrosekunde 64, kwenye 25 kHz ni 40 tu, kwa hiyo mkondo wa koili ya mlalo inabidi ukimbie zaidi na ndo maana yoki za 25 huwa na induktansi (ubishi wa koili mkondo unapobadilika) ndogo. Ukiweka yoki ya 15 kwenye bodi ya 25 picha inabana pembeni, ukilazimisha upana unaitesa transista ya mlalo. Kinyume chake ndo hatari zaidi, yoki ya 25 kwenye bodi ya 15 inavuta mkondo kupita kiasi, transista inachemka mpaka inakufa, na volti ya anodi (ile kubwa inayoingia kwenye kioo) inaweza kupanda maana yoki na flaibaki (transfoma inayoitengeneza) zinategemea kapasita moja. Koili ya wima usiumize kichwa, zote zinacheza karibu na 60 Hz. Jibu langu: yoki ibaki na bodi yake, hama na kioo kitupu.

Kilindini_Retro
Naungana na fundi ila si kila mara. Kama monita zote mbili ni 15 kHz mimi nahamisha kioo na yoki yake bila kugusa kitu, kwa sababu kiwandani walishapanga rangi zikakaa sawa na ukivua yoki unaanza upya. Pima kwanza induktansi kwa mita ya LCR (ya kupima koili na kapasita), zikikaribiana peleka. Usitegemee mita ya kawaida ya omu, upande wa mlalo una omu chache sana haikuambii kitu. Ila 15 kwa 25 hapana, hazikaribiani.

Mama_Pikseli
Kaka zangu mmesahau shingo. Kuna tyubu za shingo ya milimita 29 na za 22.5, yoki ya moja haiingii kwenye nyingine hata ufanyeje. Pia pembe ya kupinda mwale lazima ilingane, kama yoki ni ya digrii 90 na kioo ni cha digrii 110 utabaki na kona nyeusi.

Halafu wavu. Kioo cha inchi 19 kina upana wa kama milimita 385, Paperboy ina pikseli 512 kwenda mlalo, gawanya unapata kama milimita 0.75 kwa pikseli moja. Kioo cha 15 kHz mara nyingi nafasi kati ya matundu ya wavu wake iko karibu na hapo, kwa hiyo picha itaonekana ila herufi ndogo zitalainika na kwenye rangi moja unaweza kuona mawimbimawimbi. Mimi ningekubali, kuliko kucheza na kioo kilichoungua. Kwa VGA (picha ya kompyuta) ya pikseli 640 nisingekubali.

Solda_Moto
Asante dada. Zote shingo 29, nimepima kwa kalipa. Na chogo je?

FundiChogo
Chogo la PAL (mfumo wa TV) ni 15,625 Hz, kioo chake ni mali safi sana kwa monita za 15. Soma kodi nyuma ya kioo, A48 maana yake sentimita 48 zinazoonekana, A51 ni 51, ndo chogo la inchi 21. Yako ya inchi 19 ni A48 kwa hiyo chogo la inchi 21 halitaingia kwenye fremu. Wewe una kioo mkononi, tumia hicho.

Kilindini_Retro
Na kabla hujashika chochote toa chaji ya anodi, waya uufunge kwenye waya wa ardhi unaozunguka kioo, si kwenye bodi. Rudia baada ya muda maana chaji hurudi. Yoki ikiwa na gundi usizungushe kwa nguvu, shingo ikivunjika hewa inaingia na kioo ndo kwisha.

Mama_Pikseli
Ukishavalisha, washa picha nyekundu tupu kwanza. Rudisha yoki nyuma, zungusha ringi za sumaku za nguzo mbili mpaka wekundu ukae katikati, sogeza yoki mbele mpaka ujae kioo kizima. Ndo uende kwenye mistari myeupe na ringi za nguzo nne na sita, kona unazimalizia kwa kabari za mpira. Na soketi ya shingo linganisha pini moja moja na karatasi ya data ya kila tyubu, hita (ya kupasha mitutu) hasa, nyingi ni volti 6.3. Pini zikitofautiana hamisha soketi ya ile bodi mbovu uiunge kwa waya, waya wa fokasi upitishe peke yake mbali na zingine.