Ng'ombe ametupa mimba ya miezi saba

Mfugaji wa Kibosho:
Salamu kwenu ndugu wafugaji. Nafuga ng'ombe watatu wa maziwa, na mmoja, aliyepandwa na dume la kuazima, ametupa mimba ya miezi saba, kisha kondo la nyuma likakaa siku mbili bila kutoka. Je, nimchome antibiotiki, na maziwa yake tunaweza kuyanywa?

Daktari wa mifugo, Moshi:
Pole sana, ndugu. Dalili hizo hutufanya tushuku kwanza bruselosisi, inayoletwa na bakteria Brucella abortus, ingawa damu lazima ipimwe maabara kwa kuwa yapo magonjwa mengine yanayofanana nayo. Antibiotiki haishauriwi, kwani bakteria hao hujificha ndani ya seli, na ng'ombe huendelea kuambukiza wenzake hata kama mimba zijazo atazifikisha salama. Mtenge, na vilivyotoka vifukiwe kwa kina. Aliyevigusa bila glavu, akipata homa zinazokuja na kuondoka au maumivu ya viungo, aende hospitali na aeleze habari ya ng'ombe huyo.

Mama Mtindi, Usa River:
Maziwa yachemshwe mpaka yafoke, na mtindi wa maziwa mabichi usidhaniwe kuwa salama eti kwa sababu umechachuka (nasema hivyo nikijua wengi hapa hawatafurahi). Dume la kuazima niliachana nalo. Siku hizi natumia uhimilishaji, yaani ng'ombe kuwekewa mbegu kwa mrija bila kupandwa na dume.

Mfugaji wa Kibosho:
Nashukuru. Kondo nililivuta mwenyewe kwa mikono mitupu, kwa hiyo kesho nitamwita afisa mifugo, nami nitakwenda kupimwa.